Jina la Mwisho la Korongo Jazz

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi na sungura, ni zamani ya juzijuzi ambayo waliocheza muziki wake bado wako hai na magoti yanawauma, palikuwa na bendi pale Kilosa ikiitwa Korongo Jazz.

Korongo Jazz ilikuwa na sheria yake. Wimbo ukifika kwenye chemko, pale magita yanapokimbia na akina mama wanavua viatu, mwimbaji hutaja jina la mtu. Jina moja tu. Si la aliyetuza sana, wala si la meneja. La mtu aliyestahili, na tangu hapo wimbo ni wake. Akioa, unapigwa. Akifa, watu wakiusikia popote husema, "Mwenyewe huyo, Mungu amrehemu." Majina mawili katika wimbo mmoja, walisema wenyewe, ni mnada.

Mwimbaji alikuwa Chambuso. Gita la solo Mloka. Tarumbeta Pongwe. Watu watatu, sufuria moja. Basi siku moja Pongwe akamnong'oneza Chambuso kwamba Mloka anamcheka sauti yake mbele za watu. Chambuso hakuuliza. Alimtukana Mloka kwenye kipaza sauti, ukumbi umejaa, akashuka jukwaani wimbo haujaisha, akaenda zake nyumbani kwa mkewe, Bi Chausiku. Hakuimba tena miaka thelathini na mmoja. Hata bafuni! Sisi majirani tungesikia.

Bendi ikafa. Pongwe akahamia Mpanda, akafia huko, na kaburi lake mvua ilishalisawazisha, hakuna anayejua lilipo.

Asubuhi moja Mloka, kichwa cheupe kama pamba, gita mgongoni, akasimama mlangoni kwa Chambuso.

"Hodi humu."

"Unataka nini?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa lako. Nimeona unachelewa."

Chambuso akacheka. Akacheka mpaka machozi, kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Wakakubaliana kurudi na albamu, nyimbo nane, katika studio moja ya Morogoro. Saba ni zile za zamani, kila mmoja na jina lake. Lakini maneno? Chambuso kayasahau. Akakaa, akakuna kichwa, hola. Bi Chausiku alikuwa anachambua mchele. Bila kuinua uso akaanza ubeti wa kwanza, akaenda mpaka wa mwisho. Akashika wimbo wa pili. Nyimbo zote saba, hakudondosha neno.

"We mwanamke, umezitoa wapi?"

"Ulinikataza kuziimba mbele yako. Hukunikataza kuzikumbuka."

Wimbo wa nane ukaletwa na Zamaradi, binti wa Pongwe, kutoka Mpanda, na tarumbeta la marehemu limefungwa kwenye kanga. "Baba aliutunga kitandani," alisema. "Akanifundisha mpaka nikaujua. Akaniambia, mpelekee Chambuso, mwambie nilisema uongo. Mloka hakumcheka hata siku moja. Nilimwonea wivu." Kisha akaupiga. Jamani! Hata Mloka, aliyekuwa na haki ya kununa, alilitafuta gita lake kwa mkono bila kujijua.

Wimbo huo ulikuwa haujapewa jina la mtu.

Siku ya kujaribu mitambo pale studio ndipo Chambuso akawaambia habari ya koo. Daktari amesema Alhamisi wanalipasua. "Ataniachia uhai," alisema, "sauti anaichukua." Na kurekodi ni Jumanne. Basi jina la wimbo wa nane ndilo la mwisho litakalotoka katika kinywa kile, na kila mmoja akalitaka.

Bi Chausiku akasema, "Mungu hakunipa mtoto. Nikifa, nani ataniita? Kichwa hiki kisingekuwepo, mngerekodi kikohozi."

Mloka akasema, "Kweli, shemeji. Lakini nilimwandikia mumeo barua, mwaka wa kumi tangu bendi ife, nikimwomba arudi. Nani aliitia motoni?"

"Mimi," alisema Bi Chausiku, wala hakuinamisha macho. "Nilishampata mume wa kukaa nyumbani. Nikurudishie wewe?"

"Basi mimi nilitukanwa mbele ya ukumbi mzima bila kosa, na ni mimi niliyepiga hodi. Na gita langu hili, watu wote husema 'gita la Chambuso'. Jina langu hawalijui."

Zamaradi akasema, "Baba mdogo, usinikasirikie. Baba alipougua alikutumia salamu mara tatu uende. Mara tatu. Hukwenda."

Mloka akatazama vidole vyake. "Sikwenda. Nilishajua uongo ule ni wake, nikawa na uchungu."

"Baba yangu aliwavunja, sikatai. Lakini wimbo ni wake, na kaburi hana. Mzikeni basi humo."

Fundi mitambo wa studio, mtu wa siku hizi, akauliza, "Si mtaje yote matatu?" Wazee wakamtazama tu. Akarudi kwenye vitufe vyake.

Jumanne ikafika. Zikarekodiwa saba. Ukaja wa nane. Chambuso aliimba kama mtu anayeaga nyumba, chumba kwa chumba. Chemko likaanza. Gita likakimbia, tarumbeta likalia, Bi Chausiku akaitikia. Mahali pa jina pakafika. Chambuso akafumba macho, akafungua kinywa.

Ikatoka pumzi. Pumzi tupu.

Wakarudia. Pumzi. Mara ya tatu leso yake ikaingia damu. Sauti haikuingoja Alhamisi.

Fundi akasema taratibu, "Mzee, usijisumbue. Nafasi ya jina nimeiacha wazi. Onyesha kwa kidole, sisi tutalitaja kwa niaba yako. Ukimwonyesha Zamaradi, tutajua ni marehemu."

Kuliani alisimama mkewe, mikono kifuani. Kushotoni Mloka ameinamia nyuzi kama haangalii, naye anaangalia. Mbele yake Zamaradi amelikumbatia tarumbeta. Chambuso akainua mkono. Kidole kikanyooka.

Haya, nyie mnaopenda kuhukumu watu kutoka dirishani, kishikeni kidole hicho. Yuko aliyetunza maneno akachoma barua. Yuko aliyesamehe aliye hai akamnyima anayekufa. Na yuko aliyeivunja bendi kwa ulimi, kisha akaitungia wimbo akiwa kitandani. Nafasi ni ya jina moja. Je, nani alistahili kuitwa?