Mstari wa Chokaa wa Barabara ya Manyolo

Ulikuwapo wakati ambapo barabara kuu ya Manyolo haikuwa na mstari hata mmoja. Ilikuwa lami tupu kutoka Tanurini hadi Mnadani, na kila aliyeingia humo aliingia kwa nguvu zake. Mji ulikuwa umekua ghafla, jinsi mtoto anavyorefuka hadi suruali ya mwaka jana ikamwishia magotini. Nyumba ziliota mabondeni na juu ya vilima, watu wakaja kutoka kila upande, lakini barabara ilibaki ileile moja.

Kila alfajiri mabasi yalitoka Tanurini yakiwa yamejaa. Hayakwenda mbali. Mbele yalikuta malori ya mchanga, nyuma yalifuatwa na magari madogo, na foleni ikasimama. Dereva aliyeona upenyo upande wa kushoto alijitosa humo, na upenyo huo ndio uliokuwa njia ya watu wa baiskeli. Basi mwenye baiskeli akaishia mtaroni, na gari lililojitosa likakwama mbele kidogo, likawazuia wote. Karani aliamka kabla ya jogoo, akafika ofisini amechoka kuliko mtu aliyetoka kulima. Ilifika mahali watu hawakugombana tena ndani ya mabasi. Walikaa kimya, vichwa vimeegemea vioo, wakingoja siku iishe.

Katika mji huo aliishi mwanamke aliyeitwa Siwatu binti Mbaraka, mchukuzi wa chokaa. Nyumba zilijengwa kila siku, na mafundi wa upande wa pili wa mji walihitaji chokaa ya kupaka kuta, nayo ilichomwa Tanurini. Wachukuzi waliibeba kwa baiskeli, magunia mawili kila mmoja, wakaipitisha katikati ya foleni ile. Siwatu alikuwa amepita miaka arobaini, viganja vyake vimekauka na kupasuka kwa sababu ya chokaa, na mgongo ulimuuma hata akiwa amelala.

Kazi hiyo hakuzaliwa nayo. Ilikuwa ya mume wake, Chande. Miaka mitano kabla, Chande alikuwa akivuka daraja la Mto Kifu na mzigo wake, basi moja likahamia kushoto kukwepa lori, likambana kwenye ukuta wa daraja. Mguu wake ulikatwa chini ya goti. Dereva wa basi lile alikuwa Ndimbo, mtu wa Tanurini vilevile. Alifika hospitali mara moja tu, akasimama mlangoni mwa wodi na mfuko wa machungwa. Akauweka mfuko chini, akaondoka. Tangu hapo Siwatu alipishana na basi la Ndimbo karibu kila asubuhi, na hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Chande alibaki nyumbani akishona magunia. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, sindano kubwa mkononi, akiziba midomo ya magunia kwa kamba ya katani. Vumbi la chokaa lilikuwa limeanza kumharibu macho. Siwatu aliona jinsi nafasi kati ya mshono na mshono zilivyozidi kupanuka, akanyamaza. Kushona ndiyo kazi pekee iliyombakia mume wake, na hakuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Basi siku moja ya kiangazi Siwatu alipakia magunia yake kwenye keria, akayafunga kwa mpira, akaondoka. Mwenye mzigo mzito hageuki nyuma, maana akigeuka usukani huyumba. Alitazama mbele tu. Penye mashimo ya Kwa Pipa alizunguka. Mbele kidogo mbuzi alikuwa amelala kwenye lami, akamzunguka naye. Darajani alishika ukingo, akavuka huku amebana pumzi, kama alivyofanya kila siku. Alipokaribia Mnadani, mbele ya lango la ghala la pamba, alihisi baiskeli imekuwa nyepesi.

Alishuka. Gunia moja lilikuwa limefumuka pembeni na kulegea, halina kitu. Nyuma yake, juu ya lami, ulionekana mstari mweupe mwembamba, ukipinda na kunyooka mpaka macho yasipofika. Siwatu hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, akaweka mikono mapajani. Hata hasira hakuwa nayo.

Alikuwa amekaa hapo kitambo ndipo alipoona jambo. Hakuna gari lililokuwa upande wa kushoto wa mstari. Madereva walidhani umechorwa na baraza la mji, na watu wa baraza walijulikana kwa kuweka amri bila kutangaza na kutoza faini kabla mtu hajajua kosa lake. Kila mmoja alijiweka upande wake. Baiskeli zilipita kwa ndani, moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza aliwaona watu wakiendesha bila kugeuza shingo kila hatua. Na kwa kuwa hakuna gari lililojitosa kushoto likakwama, foleni ilikuwa ikisogea. Polepole, lakini ilisogea. Basi la Ndimbo, ambalo kwa kawaida lilifika Mnadani wakati Siwatu ameshashusha mzigo na kurudi, lilimkuta bado amekaa pale pale. Abiria walishuka wakitazamana, wakadhani wameshushwa kituo sicho.

Alifikisha gunia moja, akafokewa na fundi, akarudi nyumbani kwa miguu akiikokota baiskeli. Chande alikuwa mlangoni.

"Gunia moja limefumuka njiani," Siwatu alisema.

Chande alilipokea, akalipapasa mshono kwa vidole. "Nililishona mimi hili."

"Najua."

"Macho yangu, mama..."

"Hilo nalo nalijua, mume wangu. Usijisumbue."

Kisha Siwatu akamweleza habari za mstari, jinsi magari yalivyouogopa na jinsi baiskeli zilivyopita. Chande alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Na pale darajani?" aliuliza. "Pale pia hawakuvuka?"

"Hawakuvuka."

Chande alichukua kisu cha kukatia kamba, akalivuta gunia la kesho, akakata pembe yake ya chini, tundu la kupitisha kidole.

"Hili usilishone," alisema.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Mstari wa kwanza ulifutika kwa siku mbili, ukapeperushwa na upepo na kusagwa na matairi yaliyokatiza njia panda, na madereva wakarudi walikotoka. Siwatu akaumwaga tena. Ukafutika, akaumwaga tena. Wachukuzi wenzake walipoona anapoteza gunia zima kila mara, wakaanza kumchangia, kila mmoja bakuli moja kutoka mzigo wake. Hakuna aliyefanya sherehe. Walimwaga bakuli zao guniani mwake asubuhi, wakapanda baiskeli, wakaenda.

Siku ya ishirini baraza la mji lilipata habari. Siwatu alipofika darajani alimkuta msimamizi wa barabara, Bwana Mapande, amesimama na askari wawili.

"Kibali kiko wapi?" Bwana Mapande aliuliza.

"Sina."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Sasa mbona unaichafua barabara ya watu?"

Siwatu alishuka baiskelini. Alitaka kueleza yote, akaona ni safari ndefu.

"Nimechoka, bwana," alisema.

"Umechoka nini?"

"Mtaro. Kila siku naangukia mtaroni. Nikitoka nyumbani, mume wangu anakaa mlangoni mpaka nirudi, hali chakula. Na yeye amechoka."

Bwana Mapande hakuwa mtu katili. Alikuwa na kitabu cha taratibu, na ndani yake hamkuwa na chokaa. Aliwaamuru askari washushe gunia na kuichukua baiskeli. Magari yalikuwa yamesimama, honi zimeanza, na basi la Ndimbo lilikuwa la kwanza katika foleni. Ndimbo alizima injini, akashuka. Alikuwa amenenepa na kuota mvi tangu siku ile ya hospitali.

"Mzee, rudi garini," askari mmoja alisema.

Ndimbo hakurudi. Alimgeukia Bwana Mapande, akaongea kwa sauti ya chini, hata abiria wakalazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Mume wa huyu mama ana mguu mmoja. Mimi ndiye niliyemvunja huo mwingine, hapa hapa uliposimama. Kulia nilikuwa na lori, kushoto alikuwa yeye, na katikati hapakuwa na kitu cha kuniambia nisimame. Sasa leo ni siku ya ishirini sijamgusa mtu. Ukiufuta huo mstari, nipite wapi? Nionyeshe wewe, mzee mwenzangu, nipite wapi."

"Mimi nafuata taratibu," Bwana Mapande alijibu, bila kumtazama usoni.

"Fuata. Baiskeli mmeshaichukua. Gunia hamkusema mtalichukua."

Akainama, akalinyanyua gunia, akaliweka begani, pembe iliyokatwa ikielekea chini. Chokaa ikaanza kumwagika. Ndimbo akaanza kutembea. Siwatu akamfuata, akitembea upande wa ndani ili kumwonyesha mahali pa kupita. Abiria wengine walishuka wakawafuata, wakiwa na vikapu na mafaili yao. Watu wa baiskeli walishuka nao wakazisukuma. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyepiga kelele. Honi zilinyamaza moja moja. Askari walimtazama mkubwa wao, na mkubwa wao alikuwa akitazama maji ya mto.

Ulikuwa mwendo mrefu, jua limeshapanda. Ndimbo alikuwa mzee na hakuzoea mzigo. Alibadilisha bega mara tatu, nywele na shati zikawa nyeupe. Mbele ya lango la ghala la pamba gunia liliisha. Alilikung'uta, akalikunja, akampa Siwatu kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "nimsalimu vipi Chande?"

Siwatu alimtazama mtu yule, uso wake umejaa vumbi na jasho limechora mifereji humo. Miaka mitano alikuwa amemwekea maneno mengi. Aliyatafuta, akakuta hayapo tena, au yapo lakini hana nguvu ya kuyanyanyua.

"Salamu zako mpelekee mwenyewe," alisema. "Nyumbani unapajua."

Jumapili Ndimbo alikwenda. Alikaa kwenye mkeka karibu na kigoda cha Chande mpaka jua lilipotua. Siwatu, aliyekuwa jikoni, alisikia wakizungumza habari za breki, na bei ya matairi, na lile lori la siku ile. Baada ya hapo alikwenda karibu kila Jumapili, na mara nyingine alimpitishia Chande uzi kwenye tundu la sindano.

Mvua za masika zilikuja siku ya pili tu baada ya mwendo ule wa darajani, zikaufuta mstari wote kwa siku moja. Baiskeli ya Siwatu ilikuwa bado imefungiwa kwenye ua wa baraza, na hakuna aliyeumwaga tena. Lakini Ndimbo alipita kana kwamba bado upo, na dereva wa nyuma yake naye, na wa nyuma yake naye. Walikuwa wameuzoea. Abiria nao, waliokuwa sasa wanafika kazini jua likiwa changa, walimkaripia dereva yeyote aliyetaka kurudia ya zamani. "Rudi kwenye mstari!" walipiga kelele, na mstari haupo.

Baraza lilipoona hivyo, lilituma mafundi wenye rangi nyeupe na kamba ya kupimia. Kamba ilikataa. Walipoivuta iwe sawa, ilipita juu ya mashimo, ikaingia mtaroni, ikagonga nguzo. Mwishowe wakamrudishia Siwatu baiskeli yake na kumwomba apite mbele, kama alivyokuwa akipita. Akapita. Alizunguka Kwa Pipa, akazunguka pale alipozoea kumkuta mbuzi, akashika ukingo wa daraja, na mafundi wakafuata na brashi zao nyuma ya gurudumu. Hakuwaambia neno. Alipofika mbele ya lango la ghala la pamba, alishuka kupumzika. Mafundi wakatazama ndani ya ndoo, wakaona rangi nayo imeisha. Walisema watarudi na ndoo nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo sababu hata leo mstari wa baiskeli wa Manyolo haukunyooka, na mgeni hushangaa kuuona ukizunguka mahali pasipo na shimo wala mnyama. Ndiyo sababu pia abiria wa mji huo, kabla ya kukanyaga chini, husimama kwenye ngazi ya basi na kugeuza kichwa nyuma, akampisha kwanza aliye ndani ya mstari.

Tangu siku ile mstari unakoma mbele ya lango la ghala la pamba. Kutoka pale hadi katikati ya mji foleni ni ileile ya zamani, na kila mwaka baraza husema rangi imeagizwa. Watu wa baiskeli wakifika hapo hushuka wote, mzee na kijana, mwenye mzigo na asiye nao. Ukiwauliza, hawakuambii kwamba rangi iliisha. Watakuambia hapo ndipo Siwatu alipochoka. Kisha hushika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono wa pili, wakasukuma.