Hati ya Nu'mani Kabla ya Mwezi Kuandama

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Rummana, zama za watu waliotangulia, palikuwa na chuo cha Sheikh Abulfat'hi, Mola amrehemu, mtu wa ilimu na mwingi wa bashasha. Mlango wa chuo ulikuwa ukifunguliwa kwa waombaji kuanzia mwezi wa Rajabu, na ukifungwa pale mwezi wa Ramadhani unapoandama. Kila mwombaji alileta hati aliyoiandika kwa mkono wake: jina lake, walimu wake, na kiasi alichohifadhi cha Kurani. Hati ikishapokewa haikurudishwa wala haikuongezwa hata nukta. Kwa hiyo waombaji walikuwa na ada ya kungoja mpaka alasiri ya mwisho, kila mmoja akitaraji kuhifadhi zaidi kabla ya kuandika. Na alasiri hiyo, wallahi, palikuwa na misukumano pale mlangoni ambayo haikufanana kabisa na watu wa dini.

Nu'mani bin Sirhani alikuwa amehifadhi juzuu ishirini na tatu kati ya thelathini za Kurani. Hapakuwa na kitu alichokitamani duniani kama kuketi mbele ya Sheikh yule. Lakini tangu Rajabu iingie, hofu ilimkalia kifuani. Kila alipofungua juzuu mpya, aliwaza hati, na aya zikamponyoka.

Shangazi yake Salwa, aliyemlea tangu utotoni, alimtazama siku nyingi kisha akashindwa kunyamaza.

"Mwanangu, hati utaipeleka lini?"

"Bado, shangazi. Haraka haraka haina baraka."

"Na chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako," akajibu Bi Salwa. "Unasema unasubiri. Mimi naona unaogopa. Subira haimkoseshi mtu usingizi namna hii."

Nu'mani akacheka, lakini maneno yalimchoma.

Akamwendea sahibu yake Qutaiba, naye akiomba chuo hichohicho. Qutaiba akamwambia, "Kwani tabu ya nini? Andika thelathini. Mpaka Sheikh aje kukuuliza, utakuwa umeshazikamilisha. Mimi ndivyo nitakavyofanya siku ya mwisho."

Nu'mani akarudi nyumbani, akachovya kalamu. Mkono wake ulikuwa umeshaielekea thelathini, naye akajiambia kwamba huo si uongo, ni nia njema tu. Kisha akaona haya mbele ya Mola wake. Akaandika ishirini na tatu, na chini yake: "Zilizobaki ninamwomba Mwenyezi Mungu." Akaondoka mbio kabla moyo haujageuka.

Bawabu alipoipokea alishangaa. "Mbona mapema hivi, kijana? Rajabu haijesha. Na ukishanipa, hii haibadilishwi."

"Ipokee, ami. Ndivyo nilivyo."

Alirudi nyumbani mwepesi, akinunua tende njiani kama mtu anayekwenda kusherehekea Idi. Hofu ilikuwa imemtoka. Kuanzia siku hiyo alisoma kwa kupenda kusoma, na aya zilizokuwa zikimkimbia zikaanza kukaa.

Mlango ulipokwisha kufungwa, Sheikh aliketi kuwauliza waombaji, kila mmoja kwa hati yake. Qutaiba, aliyeandika thelathini, alikwama mapema, akainamisha kichwa. Nu'mani alipoitwa alisoma ishirini na tatu zake bila kusita popote alipojaribiwa. Sheikh akamtazama akitabasamu.

"Na inayofuata je?"

"Hati yangu haisemi hivyo, maulana."

"Nakuuliza wewe, sikuulizi hati."

Nu'mani akafumba macho akasoma. Akavuka hiyo na iliyoifuata, akaingia ya ishirini na sita, na ndipo aliposema, "Hapa ndipo nilipofika." Machozi yakamtoka Sheikh huku akicheka.

"Alhamdulillahi! Kila mwaka naletewa hati zilizo kubwa kuliko wenyewe. Leo nimemwona mtu aliyeizidi hati yake. Karibu, mwanangu."

Bi Salwa, aliyekuwa amesimama nje na wanawake wa mtaani, alipiga kigelegele mpaka bawabu akamsihi apunguze. Hakupunguza.

Qutaiba naye alibaki nyuma, akakiri kosa lake mbele ya Sheikh. Sheikh hakumkemea, alimshika mkono akamwambia, "Rajabu itarudi, inshallah." Ikarudi, na siku ya kwanza bawabu akamkuta Qutaiba kizingitini, ameshika hati yenye idadi ndogo, uso wake umejaa furaha. Naye alikubaliwa.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaiahirisha kheri tukingoja tuwe bora kwanza, na kungoja huko tunakuita subira. Mpe Mola wako ulicho nacho leo, kikiwa kichache lakini cha kweli. Kukizidisha ni kazi Yake, na wala hashindwi.