Jina la Fowsiya

Kuna mtu anayefanya jambo kwa sababu ameajiriwa, na kuna anayelifanya kwa sababu moyo wake haumpi raha asipolifanya. Wa kwanza tunamwita bingwa, tunampa maikrofoni. Wa pili tunamwita mtu wa ridhaa, tunamwambia akae chini. Wahenga hawakubabaishwa na maikrofoni walipoamua ni yupi kati yao mwenye nguvu.

Nurto alikuwa mshonaji mtaani Galbet, mjini Garissa. Cherehani ndiyo iliyomlisha. Buraanbur, yale mashairi ambayo wanawake wa Kisomali huyaimba na kuyachezea arusini, hayakuwahi kumpa hata kikombe cha chai. Aliyatunga huku akikanyaga cherehani na kuyaimba alipopenda. Sauti yake ilikwaruza, naye alijua.

Sasa Idman, binti wa marehemu dada yake, alikuwa akiolewa. Huyo dada, Fowsiya, alipokuwa mahututi alimshika Nurto mkono akamwomba jambo moja: "Siku Idman akiolewa, mnitaje." Nurto aliahidi, akamlea Idman kama mwanawe, na ahadi ile ilimkaa kooni kama mwiba.

Iftin, shangazi wa Idman upande wa baba, alimwajiri Ayan, malenga mwenye jina kubwa kutoka Nairobi. Alasiri ya sherehe, Nurto alimfuata malenga huyo nyuma ya ukumbi, akamsihi amtaje Fowsiya.

Ayan alitikisa kichwa. "Abaayo, dada yangu, shairi langu limefungwa kwa sauti ya D: mstari kwa mstari, maneno makuu huanza na D. Sheria yetu unaijua. Fowsiya akiingia, litavunjika."

"Mstari mmoja tu, dada yangu."

"Watu wananijua kwa shairi lisilo na ufa. Haiwezekani."

Iftin, aliyekuwa karibu, alidakia. "Nurto, mwache mwenye kazi afanye kazi yake. Wewe ni wa kujifurahisha tu. Nenda ukashone."

Nurto alifura kwa hasira, lakini Iftin alikwisha kumpa kisogo.

Ukumbini Ayan aliimba, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: aliimba vizuri mno. Wanawake walicheza, vigelegele vikahanikiza. Mababu wa bwana arusi walisifiwa mmoja baada ya mwingine. Fowsiya hakutajwa. Idman aliinamisha uso, na Nurto alijua kwamba hiyo haikuwa haya ya bibi arusi.

Ayan alipomaliza, Nurto alisimama. Iftin alimvuta mtandio. "Kaa, utatuaibisha!"

"Sikai, wallahi!" Nurto alijibu mbele ya wote. "Hakuna aliyenikodi hapa, na hakuna atakayeniketisha."

Alianza kwa sauti ileile ya D, bila maikrofoni. Alipofika mstari wa nne aliitupa D kando, akaimba: "Fowsiya, mama wa bibi arusi, tazama uliyemzaa!"

Ngoma ilisita. Wasichana waliziba midomo wakicheka, maana kosa lilikuwa wazi kwa kila mwenye masikio. Nurto alipiga makofi yake mwenyewe, akalirudia jina, kisha akalirudia tena kwa nguvu zaidi. Idman, ambaye kwa desturi alipaswa kutulia kitini, aliinuka huku machozi yakimtiririka, akacheza mbele ya mama yake mdogo. Wanawake waliomjua Fowsiya wakafuata, na ngoma ikarudi.

Baadaye Ayan alimkuta Nurto mlangoni. "Umelivunja shairi."

"Nimelivunja kwa kupenda. Mstari mmoja ungekushinda nini wewe, malenga mzima?"

Ayan alitazama chini. "Usingenishinda. Nilitamani hata kuuimba. Lakini nikilivunja mimi, nani ataniita tena?"

Nurto alimhurumia, akamshika mkono na kumrudisha ndani wakacheze pamoja. Malenga alikuwa na sauti, sifa na kipaji, ila hakuwa na ruhusa ya kulitamka jina moja la marehemu. Mshonaji hakumwomba yeyote ruhusa. Hakika, hiari yashinda utumwa.