Michirizi ya Kawaida

Siwema alikuwa akitengeneza video za harusi mjini Korogwe. Laptop yake ya bei mbaya, ambayo bado ilikuwa ndani ya waranti, ilianza kutoa michirizi ya kijani kila alipofungua video. Fundi alimwambia kadi ya picha imekufa, na bibi harusi mmoja alikuwa anaingoja video yake. Akairudisha kwa Bwana Twalib, mwenye duka aliyemuuzia.

"Mashine nzima hii," alisema Bwana Twalib bila hata kuitazama vizuri. "Michirizi ni kawaida ya laptop za hadhi."

Siwema hakubisha. "Ahsante, kaka. Tatizo ni mume wangu, anadai nimeiangusha. Naomba ueleze tena nikurekodi, akusikie mwenyewe."

Bwana Twalib akaweka kola sawa, akasimama chini ya bango la duka lake. "Mimi ni Twalib. Laptop zote ninazouza hutoa michirizi ya kijani. Ni kawaida, msiwe na wasiwasi!"

"Umeongea vizuri mno," Siwema alisema, akaitia simu mkobani.

"Msalimie shemeji."

"Shemeji yupi? Mimi sijaolewa. Ila ile skrini kubwa ya matangazo pale stendi, video zake natengeneza mimi. Leo mji mzima utakusikia."

Bwana Twalib aliruka kaunta. "Dada Siwema, subiri kwanza! Si ninayo nyingine mpya kabisa?"

Siwema aliifuta video mbele ya macho yake, akaondoka na laptop mpya, na jioni ile bibi harusi alijitazama akicheza, bila mchirizi hata mmoja.