Nguchiro Mkata Njia

Paukwa.

— Pakawa.

Wa nyuma mmelala? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama wa nyika walikuwa na kisima kimoja. Siku moja Nguchiro alikatiza njia, prrr! Nyumbu aliyekuwa nyuma yake akajikwaa, puu! Jino likang'oka.

Basi. Nguchiro akapewa majina. Nyumbu akamwita mwenye nuksi. Ngiri akamwita kisirani. Kanga, ambaye mdomo haumtulii, akasema, "Huyo ana gundu, tena la kuzaliwa nalo."

Ikawa desturi: ukikatiziwa njia na Nguchiro, rudi kwako ukalale, safari mpaka kesho. Naye akakatazwa kukanyaga njia ya kisimani kabla wote hawajanywa.

Kiangazi kikaja. Jua kali, kali, kali. Kila Nguchiro akifika kisimani anakuta tope. Wanawe wakilambishwa tope wanalia. Iliuma, jamani, iliuma sana.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "hawa hawataiona mvua."

"Najua, mama. Mimi si ndiye mwenye nuksi? Basi kesho watakiona cha mtema kuni."

Alfajiri akajibanza kando ya njia. Nyumbu huyo, ti ti ti. Nguchiro prrr! Nyumbu akaguna, akarudi kulala. Ngiri huyo. Prrr! Akarudi. Kanga naye, prrr! Akarudi akilaani njia nzima. Kumpiga? Nani amguse mwenye nuksi? Nguchiro na wanawe wakanywa, gugugu, mpaka wakacheua.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Wenye bahati zao midomo ikawakauka, wakamwendea.

"Ndugu yetu," Nyumbu akasema kwa upole, "usitukatizie njia. Tutakufa."

"Gundu langu nitalipeleka wapi? Labda niwe natangulia mimi na wanangu. Nikishafika kisimani, njiani hamnikuti."

Wakatazamana.

"Au tuseme tu hana nuksi," Ngiri akanong'ona.

"Tuseme tulikosea?" Kanga akamaka. "Thubutu! Atangulie."

Wakakubali. Kila asubuhi mwenye nuksi akawa anakunywa maji safi na wanawe, na wenye bahati wakawa wanangoja zamu nyuma yake.

Wakubwa kwa wadogo, sikieni: ukimbandika mwenzio mkosi, atakayeubeba ni wewe. Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeielewa asimcheke asiyeielewa.