Kankuba Alivyomlisha Njaa

Enzi hizo dunia ilikuwa bado mbichi, na watu hawajawa wajuaji kama nyinyi mnaokaa hapo mkitafuna. Njaa hakukaa ndani ya mtu. Alikuwa bibi kizee mwembamba kama ufito, anatembea kwa miguu yake mwenyewe nyumba hadi nyumba. Akifika kwako anaomba pa kukaa tu. Akishakaa, nyumba nzima mate yanawajaa, wanapika, wanakula, wanamshukuru Mungu, na yeye anainuka, anakung'uta sari yake, anakwenda kwa jirani. Watu walikula kwa zamu, bila kugombana. Wewe unayecheka pale nyuma, subiri kwanza.

Basi huko Bara Hindi, upande wa Kathiawari, palikuwa na mjane anaitwa Kankuba. Mama huyu alikuwa na nyumba, wana wa kiume, mkaza mwana mpole aitwaye Ujam, na mjukuu mchanga aliyezaliwa juzi tu, Lakhu. Lakini kilichomvimbisha kichwa hakikuwa hao wote. Ni wageni. Kwao mgeni akikanyaga kizingiti anahudumiwa kama mungu aliyeingia ndani, na Kankuba aliihudumia miungu hiyo mpaka ikashindwa kutembea. Mgeni akisema ameshiba, anaongezwa. Akifunika sahani kwa kiganja, samli inamiminwa juu ya vidole. Hakuna aliyewahi kutoka nyumba ile bila kula, na Kankuba alihakikisha kijiji kizima kinalijua hilo, hata wale waliokwisha kuambiwa.

Siku moja kisimani jirani yake Monghi, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, akamchokoza. "Kankuba dada yangu, unajisifu bure. Yuko mgeni anakuja kwako miaka yote na hujawahi kumpa hata punje."

"Nani huyo? Mtaje!"

"Bibi Njaa."

Wanawake wote wakaangua kicheko. Kankuba akajitwika mtungi wake na kuondoka bila kuaga. Njia nzima maneno yale yalimchoma kama mwiba wa mbigili. Ni kweli. Yule bibi hukaa barazani kwake, wengine wanakula yeye anaangalia, kisha anaondoka. Aibu gani hii! Na mtu mwingine angejiuliza kwa nini Njaa hali. Kankuba hakujiuliza. Alikwenda kuloweka choroko.

Ilikuwa siku ya kumi na moja ya mwezi, ile wanayoiita ekadashi, Bibi Njaa alipotokea na salamu yake ileile. "Nipe pa kukaa tu, mwanangu."

Akapewa mkeka mpya. Mbele yake likatua sinia la shaba limejaa mseto wa choroko unaoelea samli, chapati za uwele, achari, na maziwa mgando juu. Bibi akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Mimi sili, mwanangu. Nimekuja kukaa."

"Kidogo tu, bibi yangu. Tonge moja."

"Sili."

"Basi umenidharau. Umewadharau na wazee wetu waliolala kwenye majivu." Kankuba akapiga magoti, akalikanda tonge, akalipeleka hadi mdomoni mwa mgeni. Kisha akasema neno ambalo watu wa kwao hulisema wageni wanapokaidi, ila yeye alilivusha mpaka wake. "Naapa kwa kichwa cha Lakhu, mjukuu wangu. Usipokula, mabaya yampate yeye!"

Ujam aliyekuwa mlangoni na mtoto mkononi akashtuka, akamfunika mwanawe kichwa kwa sari. Bibi Njaa akamtazama yule mtoto, akamtazama Kankuba.

"Umeapa kwa kichwa cha mtoto?"

"Nimeapa."

Kwa kumwokoa mtoto, bibi akafungua kinywa.

Tonge la kwanza likamshukia, na Kankuba akaanza kuuona ukuta kupitia kifua cha mgeni wake. Alidhani ni jua. Akampa la pili. Mikono ya bibi ikayeyuka kuanzia vidoleni. La tatu lilipoingia, sari ikaanguka tupu juu ya mkeka, na chapati iliyokuwa magotini mwake ikabingirika hadi uani. Kankuba alibaki na mkono hewani, tonge la nne limemganda kiganjani, macho yamemtoka. Ujam akapiga ukelele mmoja tu. "Are Ram! Ba, umemuua Njaa!" Ba ndiyo mama, kwa watu wale.

Kijijini mshtuko haukudumu. Ulipopoa ikawa sherehe. Meko yalizimwa, wanawake wakalala mchana miguu imenyooshwa, na Monghi akacheza ngoma njia panda akisema sasa Kankuba amewashinda wageni wote wa dunia hii na ile. Kankuba mwenyewe alianza kutabasamu. Akaona kumbe aliyoyafanya ni makubwa. Alikuwa akijipanga aanze kusimulia.

Ndipo Ujam akaita kutoka chumbani, sauti imekauka. "Ba! Njoo! Lakhu hanyonyi."

Kankuba akaingia. Maziwa yalikuwa yameloanisha blauzi ya mama, na mtoto analitazama titi kama anayetazama ukuta. Halii. Hatafuti. Wakamkamulia matone mdomoni, yakatoka pembeni. Kankuba akatoka mbio uani kutafuta maziwa ya mbuzi, akakuta ndama amesimama kando ya mama yake, wote wawili wanaangalia upepo. Maksai hawakuinamia majani. Wanaume hawakwenda shamba, waende kulima nini? Na mbele ya mlango wa Monghi msafiri alikuwa ameanguka kwa kuishiwa nguvu, na Monghi, ambaye kwa ulimi wake wote hakuwa mtu mbaya, alimruka kama gogo akaendelea na safari zake. Hakukumbuka tena mtu kupungukiwa kunafananaje.

Kankuba akarudi chumbani kumtazama mtoto. Nyama za mapaja ya Lakhu zilikuwa zimeanza kulegea. Alikwenda kwenye hekalu la Bwana Vishnu, mlinzi wa viumbe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikwenda bila sinia. Ndani palikuwa patupu. Hakuna ua jipya, hakuna taa, hakuna hata aliyekuja kuomba. Akajitupa chini akalia hadi sauti ikatoka ndani ya sanamu ya jiwe.

"Yule bibi nilimtuma mimi," Vishnu akasema. "Akikaa kwenu mnakumbuka kuwa hamjitoshi. Mnanitafuta, na mnamwona jirani. Wewe umemlisha mpaka mwili wake ukaisha."

"Bwana, mrudishe. Mtoto anakufa."

"Arudi wapi? Hana mwili."

"Aazime wangu." Kankuba akajipapasa, akaona haya kidogo, akasema, "Hapa tumboni pana nafasi. Unaona mwenyewe."

Husema wenye kusema kwamba hata Mungu alicheka. Kisha akampa sharti. Njaa akiingia, amkaribishe kama mgeni mwenyewe alivyotaka, si kama anavyotaka mwenye nyumba. Kutwa kucha asimguse kwa nafaka wala dengu wala choroko. Anywe maji, akae naye, amtaje Mungu. Punje moja ikipita kooni, Njaa atatoweka moja kwa moja, na Lakhu atamfuata.

Kankuba akarudi, akaketi barazani. Mara ngrrr! Akaruka, akainama kutazama chini ya kitanda cha kamba, akidhani mbwa ameingia. Ngrrr, tena! Mwanawe mkubwa akaja na fimbo. "Ba, una chura tumboni!" Hakuna binadamu aliyewahi kusikia mlio ule. Nyumba nzima ikasimama mbali naye, midomo wazi. Yeye akashika tumbo kwa mikono miwili, jasho likimchirizika. Lilikuwa jambo la kutisha. Kitu kinavuta kutoka ndani, kinakwangua, kinaita, na harufu ya samli ya juzi kwenye ukuta ikageuka kuwa mateso. Yeye aliyelisha kijiji kizima alitamani kulamba sufuria. Alilitaja jina la Vishnu mpaka ulimi ukawa kama ubao, na katikati ya taabu ile akamkumbuka msafiri aliyeanguka kwa jirani. Akapaza sauti, "Mpeni maji yule mtu! Mwingizeni ndani!"

Monghi akawasha meko yake upya, akaja mbio na bakuli la mseto, machozi yanamtoka kwa huruma. "Kankuba, unakufa mbele yangu! Tonge moja tu, dada yangu. Hutaki? Basi naapa kwa kichwa cha..."

Kankuba akamziba mdomo kwa kiganja. Akambana mpaka bakuli likaanguka na mseto ukamwagika barazani, unafuka moshi, mnono, karibu na vidole vyake vya mguu. Akaufumbia macho. Hakusogea.

Asubuhi iliyofuata jua linachomoza, Lakhu alilia. Kilio cha hasira, cha mtu anayedai haki yake. Ujam alimweka kifuani, na mtoto akaling'ang'ania titi mpaka mama akapiga kelele. Matumbo yakaanza kunguruma nyumba baada ya nyumba, watu wakatoka nje wameshikana wakidhani ni tetemeko. Kankuba akamlisha kwanza msafiri, kisha akavunja mfungo wake kwa tonge moja, akalitafuna polepole kama anayejifunza kula.

Na tangu asubuhi ile Njaa anakaa tumboni mwa kila mtu, hatembei tena. Ikifika ekadashi, mwezi unapokua na unaposinyaa, Wahindu hawagusi wali wala chapati wala dengu. Wengine hunywa maji matupu, wengine maziwa na ndizi, na huketi na Mungu wao. Si kwamba Mungu amekasirikia mchele. Ni siku ya bibi, naye hakuomba chakula.

Sasa najua kuna mjanja hapa anataka kuuliza mbona kuna nyumba ambazo Njaa hukaa mwaka mzima, hakukaribishwa, na haondoki. Huyo si yule bibi. Huyo ameletwa na watu, na watu ndio watakaomtoa. Ndiyo maana mwenye kufunga akilijua jambo lake, ule unga asioula siku hiyo haurudishi pipani. Huupeleka kwenye nyumba hizo.