Digidigi Aliyeezeka Kinyume

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, kabla mtu yeyote hajaota habari za bati, Digidigi alikuwa fundi wa nyumba za nyasi. Sogeeni karibu wala msinikatize, maana leo hata mimi nimechoka kama yeye.

Nyumba yake ilikuwa ya kazi hasa. Alikata fito mbichi, akazichimbia kwa duara, akazikunja juu zikakutana, akazifunga kwa kamba za magome ya miombo. Kisha akaezeka nyasi, tita juu ya tita, mpaka ikawa kama kapu lililofunikwa. Siku tisa alifanya kazi. Siku ya kumi akaja Fisi.

Fisi huyo alikuwa na desturi ya kupiga hodi akiwa ameshaingia. Alijinyoosha sakafuni, akauliza nyumba ni ya nani. Digidigi akasema ni yake. Fisi akamtazama toka kwato hadi masikio, safari fupi tu hiyo, kisha akasema, "Ilikuwa yako, mama."

Nanyi mngefanya nini? Yule ana meno ya kuvunjia mifupa. Digidigi akaondoka, akajenga nyingine ng'ambo ya korongo. Lakini Fisi hajui kufagia wala kukarabati. Nyumba ya kwanza ilipojaa mifupa na kunuka, akaifuata ya pili. Ya pili ilipooza, akachukua ya tatu.

Sasa Digidigi alikuwa na mimba kubwa. Mwaka uliopita alizaa mvuani, na mtoto hakumaliza siku mbili kwa baridi. Hilo hakumwambia mtu. Mgongo ulimuuma, midomo ilikuwa imechanika kwa kuvuta magome, na kila alipotazama mawingu alitaka kulia. Alikuwa amechoka, wajukuu zangu, na haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umepona.

Alipoanza kukata fito za nyumba ya nne, Fisi akaja akajilaza kivulini kumsimamia. Siku hizi hakungoja hata nyumba iishe. Alitaka safari hii nyumba iwe pana, mlango wake upitishe paja zima la nyati, na kazi iishe kabla ya mvua.

Digidigi akafunga fito zote peke yake. Ilipofika zamu ya paa, akamgeukia Fisi.

"Bwana Fisi, nisaidie hata kunipa matita," akasema. "Nipe kwanza yale ya chini."

"Ya chini, ya juu, nyasi ni nyasi," Fisi akajibu, akafumba macho.

Hapo Digidigi akasimama kidogo na tita lake mdomoni.

Mnajua paa huezekwaje? Huanzia chini kwenda juu, ili kila safu iifunike iliyo chini yake na maji yateleze nje. Mtoto wa fundi hulijua hilo kabla ya kujua jina la shangazi yake. Fisi alikuwa amechukua nyumba tatu, na hakulijua.

Basi Digidigi akaanzia kileleni, akashuka. Kila safu ya chini akaipandisha juu ya ncha za safu iliyotangulia, akazichana nyasi zikalala vizuri. Kwa macho, nyumba ile iliwapita dada zake wote watatu.

Nyasi chakavu na fito fupi akazikokota hadi ndani ya kichaka cha miiba, akazirundika hapo. Fisi akauliza kile kichuguu ni cha nini. Digidigi akamwambia ni mabaki tu, ya kutandika. Fisi akacheka hadi akapaliwa.

Mvua ikaanza alasiri ya siku ya tatu tangu nyumba iishe. Cho! cho! cho! Fisi alikuwa ndani na paja lake la nyati. Kila safu ya nyasi ikayapokea maji na kuyaingiza ndani. Akahamia kushoto, yakamfuata. Akahamia kulia, yakamkuta. Nyasi zikalowa zikawa nzito, fito zikalia kri, kri, na paa lote likamwangukia, puu!

Alipojikwamua akasikia sauti ndogo kichakani. Katoto kalikuwa kanalia. Akaenda akachungulia kwenye yale mabaki. Kumbe ni nyumba, iliyoezekwa kuanzia chini kwenda juu, na ndani ni pakavu. Akajaribu kuingia. Pua ilipita, kichwa kikagoma, miiba ikamkwaruza mashavu.

"Mama," akasema, akitetemeka, "nyumba yako inavuja. Njoo uitengeneze."

Digidigi hakunyanyua hata shingo. Alikuwa anamlamba mwanawe mgongo.

"Ilikuwa yangu, Bwana Fisi," akasema.

Fisi akabaki mvuani. Digidigi akamaliza kumkausha mtoto, akajikunja kando yake, akalala usingizi aliokuwa akiudai tangu nyumba ya kwanza.

Nami hadithi yangu naiacha hapo ndani, pakavu. Anayenyang'anya kazi ya mwenzake huchukua nyumba tu, ujuzi humwachia aliyeijenga.